Pumzi ninayo, je, siku tano zinatosha kufika kilele cha Uhuru?

"Daktari, habari za kazi. Nina miaka 36, naishi Dar es Salaam. Wenzangu wa ofisini tumepanga kupanda Kilimanjaro ili tuwe kileleni asubuhi ya tarehe 9 Desemba. Tumeelekezwa njia ya Marangu, siku tano, tuanze tarehe 6. Mimi nakimbia kilomita 10 mara tatu kwa wiki, kwa hiyo pumzi si tatizo. Kinachonitia hofu ni mwenzetu mmoja, kijana wa mazoezi kabisa, ambaye mwaka jana alianza kutapika kambi ya Kibo akashushwa kwa machela huku akiongea maneno yasiyoeleweka. Wengine wananiambia nitafune vitunguu saumu, wengine ninywe maji lita tano kwa siku, wengine nimeze Diamox, na mmoja kaniambia kichwa kikiuma nimeze panadol tu niendelee. Nimsikilize nani? Desemba ni wakati mzuri au tusubiri? Nimeona pia picha za watu wa Ulaya wakitembea kwenye theluji na viatu vipana sana, na sisi tutavihitaji? Nyongeza: mdogo wangu wa tumbo moja ana sikoseli. Mimi sijawahi kupima."

Dada yangu, naanza na hiyo uliyoiita nyongeza, maana kwangu ndiyo ya kwanza. Mtoto huzaliwa na sikoseli pale anapopokea chembe ya urithi ya ugonjwa huo kwa baba na kwa mama pia. Kama wewe na mdogo wako mmechangia wazazi wote wawili na wewe huna ugonjwa, basi uwezekano kwamba umebeba chembe moja ni mbili ya tatu. Aliyebeba chembe moja huishi maisha yake bila shida, anakimbia kama unavyokimbia wewe, na anaweza kuzeeka bila kujua. Lakini oksijeni ikipungua sana mwilini, baadhi ya seli zake nyekundu zinaweza kujikunja na kuziba mishipa midogo ya bandama. Haitokei kwa wengi, ila hutokea milimani, na dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto juu ya tumbo, chini ya mbavu. Mwongozaji asiyejua habari hii atadhani ni gesi.

Kwa hiyo kabla hujalipa senti moja ya safari, nenda ukapime aina ya himoglobini. Omba kipimo kinachotenganisha aliyebeba chembe na mwenye ugonjwa, kwa sababu kile cha haraka kinachoonyesha tu kama seli zinajikunja hakikupi jibu hilo. Majibu yakionyesha una ugonjwa wenyewe, mlima huu usiupande. Yakionyesha umebeba chembe, kaa na daktari ana kwa ana mzungumze. Wengi wa namna hiyo hupanda na kushuka salama, ila wanatakiwa wapande taratibu zaidi, wasikaukiwe maji mwilini, na wageuze mara moja maumivu ya bandama yakianza. Hapo hapo pima na wingi wa damu. Wanawake wengi wa umri wako wana upungufu wa damu wasioujua, na huko juu kila tone lina kazi.

Sasa tuje kwa kijana wa mazoezi aliyeshushwa na machela, maana naona ndiye anayekunyima usingizi. Kilichompata si udhaifu bali ugonjwa wa mwinuko, yaani mwili kukosa muda wa kuizoea hewa ya juu, na hapo ndipo wengi wenu mnapokosea. Mnaupima mlima kwa nguvu za miguu na kifua.

Hewa ya kileleni ina oksijeni kwa uwiano ule ule wa hewa ya Kariakoo, takriban asilimia 21. Kinachobadilika ni mgandamizo. Fikiria magodoro yaliyopangwa juu ya mengine dukani: la chini kabisa limebanwa na uzito wa yote yaliyo juu yake, la juu limefura. Dar es Salaam mnaishi kwenye godoro la chini. Ukifika Uhuru, mita 5,895, hewa imefura kiasi kwamba kila pumzi unayovuta inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ufukweni Koko.

Mwili haukubali hali hiyo kimya kimya. Jambo la kwanza unalofanya, ndani ya saa chache, ni kupumua haraka na kwa kina. Hiyo inasaidia kuingiza oksijeni, lakini inatoa hewaukaa nyingi kupita kawaida, na damu inapoteza asidi yake. Ubongo ukiona damu imekuwa hivyo, unapunguza kasi ya kupumua, hasa ukiwa usingizini. Ndiyo maana usiku wa pili pale kambi ya Horombo utasikia mwenzako wa kitanda cha pili anapumua kwa nguvu, kisha polepole, kisha kimya. Utahesabu sekunde kadhaa ukiwa umekodoa macho gizani, halafu atavuta pumzi moja kubwa kama aliyeibuka majini, na mzunguko unaanza upya. Usimwamshe kwa hofu. Peke yake hiyo si hatari, na wewe pia utafanya hivyo hivyo bila kujijua. Figo ndizo zinazokuja kusawazisha mambo kwa kutoa bikaboneti, ile chumvi inayopunguza asidi ya damu, kwenye mkojo ili ubongo uruhusu upumuaji uendelee kwa kasi. Kazi hiyo huchukua siku, na hakuna mazoezi ya Dar yanayoweza kuziharakisha figo.

Kwa hiyo mkimbiaji hana kinga. Wakati mwingine yuko hatarini zaidi, kwa sababu miguu yake inampeleka juu haraka kuliko figo zake zinavyoweza kumfuata. Desemba 2010 Martina Navratilova, bingwa wa tenisi aliyetwaa Wimbledon mara tisa akicheza peke yake, alishushwa kutoka mlima huu huu baada ya mapafu yake kujaa maji, akalazwa hospitalini Nairobi. Mwili wake ulikuwa umezoezwa maisha yake yote. Na wala usidhani aliyezaliwa Moshi ana kinga ya asili. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000, na huko hakuna kitu cha kuufundisha mwili. Wapagazi, wagumu kama wanavyojiita wenyewe, wanaonekana hawaumwi kwa kuwa hupanda mara kwa mara. Mgumu aliyekaa nyumbani msimu mzima wa masika akarudi ghafla naye huumwa, na mara nyingi hunyamaza kwa kuogopa kupoteza kibarua. Mkipanda, wajulieni hali na wao.

Ukishaelewa habari ya figo, itazame ratiba yenu. Tarehe 6 mnatoka lango la Marangu, takriban mita 1,860, mnalala Mandara, mita 2,720. Tarehe 7 mnalala Horombo, mita 3,720. Tarehe 8 mnafika Kibo, mita 4,720, na usiku huo huo mnaamka kuelekea kileleni. Kila siku ni karibu mita elfu moja. Ushauri unaokubalika na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne uwepo usiku wa kupumzika pale pale. Ratiba yenu inakiuka kanuni hiyo maradufu. Wapo wanaofika kwa siku tano, sikatai, na watakuonyesha picha zao. Wasiofika hawabandiki picha.

Ningekuwa na sauti kwenye kikao chenu, ningesema anzeni tarehe 5. Usiku wa ziada ulalwe Horombo, na mchana wake mpande hadi Zebra Rocks, karibu mita 4,000, au mbele kidogo kuelekea tandiko la kati ya Mawenzi na Kibo, kisha mrudi kulala Horombo. Panda juu, lala chini. Kwa Mtanzania, ambaye kiingilio chake ni sehemu ndogo sana ya kile cha mgeni, siku hiyo moja ndiyo dawa nafuu kuliko zote nitakazozitaja hapa. Mkiwa na uwezo zaidi, njia ya Lemosho ya siku saba au nane ni bora zaidi, maana mnapita Lava Tower juu ya mita 4,500 mchana, mnashuka kulala Barranco chini ya mita 4,000. Ila huko ni mahema, na katika mvua za mwanzoni mwa Desemba vibanda vya Marangu vina raha yake. Njia nyingine ninayoipenda kwa Watanzania ni kupanda Mlima Meru kwanza, mita zaidi ya 4,500, kisha kuingia Kilimanjaro ndani ya siku chache. Tatizo lake ni ruhusa ya kazini.

Turudi kwenye ugonjwa wenyewe. Wa kawaida huanza saa chache baada ya kufika mahali pa juu: kichwa kinauma, chakula hakitamaniki, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usiolingana na mwendo. Wapandaji wengi watauonja kiasi. Ukiupata, kanuni ni moja: husogei juu hata hatua moja mpaka uishe, na ukizidi unashuka. Wengi hupona kwa kulala pale pale usiku mmoja zaidi.

Hatari ni hatua mbili zinazoweza kufuata. Moja ni ubongo kuvimba. Huyo ndiye mwenzenu wa mwaka jana, kwa jinsi ulivyomweleza: maneno yasiyoeleweka, tabia kubadilika, mwendo wa mlevi. Kuna kipimo kisichohitaji kifaa ambacho nataka mkifanye wote pale Kibo kabla ya kuondoka usiku. Tafuteni sehemu tambarare mbele ya kibanda, muwashe tochi, na kila mmoja atembee hatua kumi kwenye mstari mmoja, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Anayeyumba, anayepanua mikono kujishika hewani, anayetoka nje ya mstari, haendi Uhuru. Anageuzwa hapo hapo, saa sita ya usiku, mvua au theluji, akiwa na mtu wa kumshika. Msimwambie "lala kwanza tuone asubuhi", kwa sababu wengine asubuhi hawaamki.

Hatua ya pili ni mapafu kujaa maji. Hii ni ya hila, kwani inaweza kuja bila maumivu ya kichwa kabisa. Mtu anachoka kupita wenzake wote, anakohoa, kisha anahema hata akiwa ameketi. Midomo na kucha vinaingia rangi ya bluu, na baadaye kikohozi huleta mate yenye povu, pengine la rangi ya waridi. Kuhema baada ya kupanda mteremko mkali ni kawaida. Kuhema ukiwa umekaa kitako dakika kumi si kawaida hata kidogo. Tiba ya hatua zote mbili ni kushuka, na kushuka angalau mita 500 hadi 1,000, maana yake kutoka Kibo hadi Horombo. Oksijeni ya mtungi na dawa kama deksamethasoni au nifedipini, kwenye mikono ya anayezijua, hununua muda wa kushuka. Hazichukui nafasi ya kushuka.

Sasa washauri wako. Wa vitunguu saumu hakudhuru, ila sijui uthibitisho wa maana kwamba vinamkinga binadamu na ugonjwa huu. Weka kwenye supu kwa ladha. Wa lita tano amevuka mpaka. Ni kweli hewa ya juu ni kavu na unapoteza maji kwa kuhema, lakini maji yaliyozidi huyeyusha chumvi ya damu, na chumvi ikishuka sana dalili zake ni kichwa kuuma, kutapika na kuchanganyikiwa, yaani zile zile mnazozikimbia. Kunywa kwa kufuata kiu, na angalia mkojo: ukiwa wa rangi ya njano hafifu, umefika.

Wa panadol ana nusu ya ukweli. Kumeza panadol kwa kichwa kinachouma si dhambi, na mimi hushauri watu wafanye hivyo wakiwa wamekaa kambini. Kichwa kikipoa kabisa, ukala, ukatembea kwenye mstari bila kuyumba, endelea kesho yake. Kisipopoa, au kikapoa huku kichefuchefu na uchovu vikiongezeka, ugonjwa unaendelea na panadol haikuugusa. Kumeza na kuendelea kupanda saa ile ile ndiko kunakowapeleka watu kwenye machela.

Diamox ndiyo yenye ushahidi. Ni asetazolamaidi, nayo huzifanya figo zitoe bikaboneti mapema, yaani inaharakisha kazi ile ile niliyoieleza juu. Haifichi ugonjwa, kama wengi wanavyohofia. Kwa kuzuia, mtu mzima hutumia kwa kawaida miligramu 125 asubuhi na jioni, akianza siku moja kabla ya kupanda. Itakukojoza sana, vidole na midomo vitachomachoma, na soda itakosa ladha. Kwa ratiba ya siku tano ningekwambia zungumza na daktari wako akuandikie. Kwa siku sita bado ni jambo la busara kulijadili. Lakini usiinunue tu duka la dawa. Ni ya jamii ya salfa, na ikiwa umewahi kubabuka ngozi, kuvimba uso au kutoka malengelenge kwa Septrini au Fansida, daktari lazima ajue kabla. Ukiwa mjamzito, au una shida ya figo, usiiguse, na mjamzito hata safari yenyewe ningemwomba aiahirishe. Daktari akiridhia, jaribu dozi ukiwa nyumbani wiki mbili kabla, ili usikutane na madhara yake ukiwa Horombo. Dawa za usingizi na Konyagi viacheni mjini, vinapunguza upumuaji usiku.

Jambo moja ambalo vitabu vya wageni huwa havilitilii mkazo: nyinyi mnatoka Dar. Homa, kichwa na kutapika siku ya pili ya safari vinaweza kuwa malaria uliyopanda nayo kutoka nyumbani. Ugonjwa wa mwinuko wa kawaida hauleti homa kali. Ukiwa na joto la mwili, shuka upime. Usikubali mtu akuambie ni mlima tu.

Kuhusu Desemba. Najua uzito wa tarehe 9. Ndiyo tarehe ambayo mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge kileleni, na kufika pale siku hiyo ni heshima. Lakini ni mwisho wa vuli. Msitu kati ya lango na Mandara utawanyeshea, njia itakuwa ya utelezi, na kinachonyesha chini kama mvua, Kibo huanguka kama theluji. Januari na Februari kwa kawaida ni kukavu na vuguvugu zaidi. Kipupwe, Juni hadi Septemba, ni kukavu pia ila usiku wake unakata ngozi. Masika, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, sikushauri. Kama tarehe haina uzito kwa wote, Februari ni bora. Kama ina uzito, nendeni, ila mjiandae kwa kulowa.

Na kulowa ndiko kunakoleta baridi mbaya. Usiku wa kileleni joto linaweza kushuka nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, na upepo juu yake. Jinzi na fulana za pamba hushika jasho na maji, kisha zinakugandisha, kwa hiyo zisivuke Mandara. Vaa nguo ya ndani ya kubana isiyo ya pamba, juu yake sweta la sufu au manyoya laini, kisha jaketi zito, na la nje kabisa lisilopitisha maji wala upepo. Sweta nzuri zipo mitumbani, soko la Memorial pale Moshi, kwa bei ya kawaida. Jaketi zito, begi la kulalia na buti unaweza kukodi, ila buti ni afadhali ziwe zako na uzivae mwezi mzima kabla. Chupa ya maji iweke kichwa chini ndani ya begi, kwa sababu maji huanza kuganda juu, na ule mpira wa kunyonyea maji utaganda saa mbili tu baada ya kuondoka. Miwani ya jua ni lazima: jua la asubuhi kwenye theluji huunguza macho, na maumivu huja jioni, kama mchanga chini ya kope.

Vile viatu vipana ulivyoviona ni vya kumzuia mtu asizame kwenye theluji laini yenye kina, kama ya misitu na mabonde ya Ulaya wakati wa baridi. Huku hamtavihitaji. Theluji ya Kibo mara nyingi ni tabaka juu ya jivu na mawe, na usiku huwa imeganda, hivyo shida yake ni kuteleza. Kama imeanguka nyingi wiki hiyo, waulize waongozaji kama kuna zile nyavu za chuma zenye meno zinazofungwa chini ya buti, hasa kwa kipande cha kutoka Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, hadi Uhuru, na fimbo mbili za kupandia. Sehemu ya chini ya Gilman's ni jivu na changarawe, hatua moja mbele nusu nyuma. Ndiyo sababu mojawapo ya kupanda usiku, likiwa limeshikana kwa baridi.

Kabla ya kulipa, muulizeni anayewapeleka maswali matatu mbele ya kikundi kizima: kuna waongozaji wangapi, ili mmoja akishuka na mgonjwa wengine wasibaki peke yao, kuna oksijeni na kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu, na nani anajua kuvitumia, na nani ana neno la mwisho la kumgeuza mtu. Jibu la swali la tatu liwe mwongozaji mkuu, na nyote mkubaliane nalo mkiwa bado Dar, wakati akili zenu ziko timamu.

Mwenzenu wa mwaka jana, kama anapanga kurudi, asipande na nyinyi kwa ratiba hii. Aliyewahi kuvimba ubongo au kujaa maji mapafuni yuko katika hatari ya kurudiwa, na anahitaji kuonana na daktari uso kwa uso kwanza. Hali kadhalika mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, presha isiyotulia, kifafa au pumu inayosumbua. Na yeyote kati yenu ambaye, akishafika Moshi, bado anakohoa na kuhema, kichwa hakijapoa baada ya siku moja, au anayumba anapotembea, asipande basi la Dar. Aende hospitali hapo hapo Moshi, KCMC ipo, na aeleze tangu mwanzo kwamba ametoka mlimani.